Unaanza kujifunza UI na UX? Anzia kwa wakala wa pesa

Karibu kila anayeingia fani hii ya kusanifu skrini (UI) na namna mtu anavyozitumia (UX) huanza na swali moja: nitumie programu gani? Figma. Inafunguka kwenye kivinjari, ina kifurushi cha bure kinachomtosha mwanafunzi, na timu nyingi ndiyo wanayoitumia. Laptopu yenye RAM ya GB 4 itakusumbua kidogo, vumilia. Kama unapendelea programu huria, ipo Penpot. Vitufe vya programu hizi utavijua kwa video za YouTube. Kazi yenyewe haimo humo.

Kazi yenyewe ni kumtazama mtu akihangaika na simu, nawe ukanyamaza. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: nenda kwa wakala wa M-Pesa au Airtel Money wa mtaani kwenu, omba ruhusa, kaa pembeni asubuhi nzima (namba za siri za watu usizichungulie). Utamwona anayemkabidhi wakala simu na kusema "nifanyie hapo, mwanangu". Utamwona anayesoma namba kutoka kwenye kikaratasi, tarakimu mbili mbili, kisha anairudia upya. Na yule asiyetoka kibandani mpaka meseji iingie. Andika kila walipokwama. Daftari hilo lina thamani kuliko cheti cha mtandaoni.

Kisha jiulize kwa nini menyu ya M-Pesa ya Tanzania, *150*00#, isiyo na rangi wala picha, inabeba pesa za watu. Ujumbe mmoja wa USSD, yaani menyu za namna hii zisizohitaji intaneti, hauzidi herufi 182. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka 2008, na bado watu wanabonyeza tarakimu. Kila hatua inauliza jambo moja tu. Kabla pesa haijaondoka, inakuonyesha jina la anayepokea na kiasi. Ukitaka kuona umuhimu wa jina lile, tazama macho ya mtumaji yanapolifikia. Udhaifu nao upo: ukichelewa kutafuta namba, menyu inakatika, unaanza upya. Chora safari hiyo yote kwa kalamu kabla hujagusa kompyuta.

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kama ningekuwa nafundisha darasa: ujumbe wa hitilafu. "Muamala umeshindikana. Jaribu tena baadaye." Mama aliyekuwa anamtumia mwanawe nauli afanye nini? Pesa imetoka au haijatoka? Akirudia, je, zitakwenda mara mbili? Linganisha na huu: "Mtandao umekatika. TSh 50,000 bado zimo kwenye akaunti yako. Unaweza kutuma tena." Na kama mfumo wenyewe haujui, sema hivyo: "Tunahakiki. Usitume tena mpaka upate meseji." Ili uandike sentensi hiyo itabidi umuulize mtengeneza programu seva inarudisha nini muamala ukikwama katikati. Wengi wetu tunachora skrini ya furaha, kila kitu kimekubali, na nyingine tunamwachia yeye abuni usiku wa manane.

Mambo ya kwetu hutayapata kwenye violezo vya Marekani. Fomu inayokataa 0712 kwa sababu inataka +255 ni fomu mbovu. Ipokee namba kwa namna zote, mfumo ujipange wenyewe. Tiketi ya basi inayosema 06:00 bila neno "asubuhi" inamwacha abiria akijiuliza kama ni saa kumi na mbili au saa sita. Andika "saa 12:00 asubuhi". Fremu yako, yaani kisanduku unamochorea skrini, iwe na upana wa 360 dp (kipimo cha skrini za Android), maana simu nyingi za Android ziko hapo, usianze na iPhone mpya kwa kuwa inapendeza. Maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza na rangi ya nyuma yake usiopungua 4.5:1, halafu toka nayo nje saa saba mchana uone kama yanasomeka. Kitufe kiwe angalau 48 dp.

Ukija kujaribisha ulichosanifu kwa watu, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Kwetu kuna kikwazo kimoja zaidi: heshima. Umemwamkia mzee, umempa simu, unamuuliza anaionaje. Atakwambia "nzuri sana, hongera mwanangu", hata kama hakuelewa kitu. Kwa hiyo usimuulize maoni. Mpe kazi: "Mtumie dada yako elfu ishirini." Kisha tazama kidole kinasita wapi. Kimya chako kitakuwa kigumu kuliko unavyodhani, mkono utakuwasha kumwonyesha. Usimwonyeshe.

Kuhusu mkusanyiko wa kazi zako: usanifu mpya wa Spotify, ile programu ya muziki, ameshauona kila mwajiri. Weka kazi moja ndogo, labda fomu ya chama cha kuweka na kukopa cha mtaani kwenu, yenye picha za michoro ya karatasi, watu walipokwama, ulichobadilisha, na kilichobaki kibaya. Kwenye usaili watakuonyesha kitufe kimoja na kuuliza kwa nini kipo pale. Kusema kinapendeza hakutakufikisha mbali. Ukiweza kusema kilikuwa juu, kidole gumba cha mtu aliyeshika simu kwa mkono mmoja hakikukifikia, ukakishusha, mazungumzo ya mshahara yanaweza kuanza.