Siku moja ziwani na mke anayechafukwa na moyo

Ndugu, umeuliza utampumzishaje shemeji siku nzima kwenye boti ya kukodi hapo Kigoma, na mawimbi humchafua moyo. Inawezekana, ila usimpeleke mbali. Kuambaa pwani tu hadi kijiji cha Katonga kunatosha. Hifadhi ya Gombe muiache, hasa Mei hadi Septemba upepo wa kusini ukivuma.

Kichefuchefu hukingwa mapema. Sinarizini, dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safari, imezwe muda wa saa mbili kabla ya kuondoka, maana akishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni. Humletea usingizi, na kama ana mimba aulize kwanza famasi. Asipande na njaa wala asile samaki mgebuka wa kukaanga asubuhi: chai ya tangawizi na mkate mkavu vinatosha. Akae katikati ya boti, ambapo mrusho ni mdogo kuliko omoni, yaani mbele ya boti, mbali na moshi wa mashine, akitazama milima ya Kongo ng'ambo. Simu aiweke kabisa. Macho yakitulia kwenye kioo huku mwili unayumba, ndipo kichwa huzunguka.

Nahodha asiposema habari ya mafuta, muulize: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Jaketi la kuokolea maisha mlivae, msilikalie. Funga mikanda yote, kisha livute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, badilisha kabla hamjang'oa nanga.

Kuoga, tafuteni maji maangavu yenye mawe, mbali na makazi na matete. Konokono wa kichocho hupenda huko penye makazi na matete.