Nimeweka nywila, mbona majina bado yanaonekana?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Dodoma. Kila mwezi namtumia mkaguzi wetu aliyeko Singida mafaili ya mikopo yenye namba za NIDA za wanachama. Nayabana kwa programu ya 7-Zip yawe faili moja la zip na kuweka nywila, lakini mkaguzi anasema kabla hajaandika nywila anaona orodha nzima ya mafaili. Hapo kuna usalama kweli?
Mhasibu, Kizota

JIBU: Ndugu mhasibu, hautoshi. Zip husimba yaliyomo, yaani huyageuza yasisomeke bila nywila, lakini majina huyaacha wazi. Faili likiitwa "Mdaiwa sugu" likifuatiwa na jina la mwanachama, aliyeingia kwenye barua pepe yako keshajua la kujua. Kuna na tatizo usiloliona: ukichagua zip bila kubadili kitu, 7-Zip hutumia ZipCrypto, usimbaji wa zamani ambao huvunjika.

Dawa ya yote mawili ni moja. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia 7-Zip, kisha "Add to archive". Kwenye aina ya faili weka 7z. Hapo usimbaji unakuwa AES-256, ulio imara kuliko ZipCrypto. Andika nywila mara mbili, halafu tia tiki penye "Encrypt file names". Tiki hiyo ndiyo wengi huisahau. Lifungue mwenyewe kabla ya kutuma: lidai nywila kabla ya kuonyesha chochote. Mkaguzi naye awe na 7-Zip. Kwenye simu ya Android, programu ya ZArchiver inafaa.

Nywila isiwe namba ya simu wala jina la SACCOS na mwaka, maana programu za kubahatisha huanzia huko. Fungua kamusi bila kuchagua ukurasa, okota maneno sita. Mpigie mkaguzi umtajie. Usiitume kwa barua pepe ileile. Nakala iandike kwenye karatasi, ifungiwe kabatini. Ikipotea, hata waliotengeneza programu hawawezi kukurudishia.

Na kama kazi hii unaifanyia steshenari, tunakusihi uache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za watu zilindwe, na kompyuta ya wote hailindi. Faili la Excel hubaki kwenye Downloads, flashi huacha nakala, na ukilifungua faili ukiwa ndani ya 7-Zip, programu huweka nakala isiyofungwa kwenye folda ya muda. Hilo la mwisho mwambie na mkaguzi, afungulie kwenye kompyuta yake mwenyewe.