Kulia chooni kabla ya zamu

Pole sana, dada. Zamu 6 za usiku mfululizo, wodi nzima mko wawili, na sasa unalia chooni kabla ya kuripoti: huo si uvivu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kuwa uchovu wa aina hii hutokana na msongo sugu wa kazini.

Mimi nilishtuka siku niliposoma lebo ya dawa mara tatu bila kuielewa. Nikamwandikia kiongozi wa wodi (andika, maneno ya korido husahaulika) nikiomba mapumziko kila baada ya zamu 3 za usiku. Akakubali, shingo upande.

Dawa za usingizi za kabati la wodi usiziguse. Na ukianza kuwaza kufa, usingoje zamu iishe. Mwone daktari wa afya ya akili siku hiyohiyo.