Kabla Hujatupa Sahani, Tazama Praima Zako

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwanafunzi wa uzamili, aliniandikia akilalamika kwamba jeni aliyoinyamazisha katika kigoga, mmea mdogo wa penye unyevu, inaonekana haijanyamaza kabisa, na kwamba anakusudia kutupa sahani zake za kuoteshea na kuanza upya. Nilimjibu usiku ule ule, kwa sababu kosa hilo nimewahi kulilipia.

Nilikuwa Ujerumani nikishughulika na Physcomitrium patens, kigoga cha kwanza ambacho jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa, mwaka 2008. Mwili wake wa kijani una seti moja tu ya kromosomu, kwa hiyo ukifuta jeni ambayo mmea hauwezi kuishi bila yake, hakuna nakala ya pili ya kuuokoa. Ndiyo maana nilitumia mikroRNA ya kutengenezwa, kipande kifupi cha RNA chenye nukleotidi (herufi zake za kemikali) 21, ambacho huinyamazisha jeni bila kuifuta: huiongoza protini ya Agonauti hadi kwenye RNA mjumbe lengwa, yaani nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini, nayo Agonauti huikata nakala hiyo mkabala wa nukleotidi ya 10 na ya 11 ya mikroRNA.

Miezi ya kusaga na kuotesha upya nyuzi za protonema, yaani kigoga kikiwa kichanga, sitaisimulia. Nilipopima, RNA mjumbe ilikuwa nyingi karibu sawa na ya mmea wa kawaida. Nikatangaza kikaoni kwamba mbinu imeshindwa, nikatupa mimea yote. Siku chache baadaye mwenzangu aliniuliza praima zangu, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoweka mwanzo na mwisho wa sehemu inayopimwa, zimekaa wapi. Zote mbili zilikuwa baada ya mahali pa mkato, katika nusu ya mwisho ya RNA, ambayo yaweza kudumu kwa muda baada ya kukatwa. Nami niliihesabu kana kwamba ni nzima. Msimamizi wangu alicheka mbele ya wote. Kicheko kile sijakisahau, na sioni sababu ya kujifanya nimekisahau.

Basi weka praima moja kabla ya mkato na nyingine baada yake, kisha pima na mikroRNA yenyewe. Hata mkato usipoonekana, usiharakishe hukumu: utafiti uliochapishwa na kundi la Freiburg, Ujerumani, mwaka 2010 ulionyesha kwamba kigoga kisicho na kimeng'enya DCL1b hutengeneza mikroRNA bila kukata RNA lengwa, na bado jeni husika hunyamazishwa kwa DNA yake kutiwa methili, alama ndogo za kemikali zinazoizima. Na sahani zitunzwe kwenye baridi, jamani. Hazili wala hazinywi.

Nilimwomba yule msomaji ramani ya praima zake. Ameituma jana: zote mbili ziko upande ule ule wa zangu.