Nguzo ya ishirini na moja

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana nikiwa shambani hapa Hombolo, nikaona nisikujibu kwa simu, maana jambo lenyewe linataka karatasi.

Unasema mwanafunzi wako amekuuliza: kwenye mfuatano 7, 11, 15, 19, ukitafuta namba ya 50, kwa nini unazidisha 4 kwa 49 na si kwa 50? Kanuni uliiandika ubaoni, a + (n − 1)d, yaani a ni namba ya kwanza, n ni nafasi ya ile unayoitafuta, d ni ongezeko la kila hatua, na jibu likatoka 203. Ila hiyo "toa moja" ukakosa la kuisemea.

Huyo mtoto mshike vizuri. Ameuliza kitu ambacho mimi nilikijua kwa hasara.

Unaukumbuka mstari wa mizabibu ulio karibu na njia? Nilipousimika ulikuwa hujaanza shule. Urefu mita 60, nguzo kila baada ya mita 3. Nikagawanya, nikapata 20, nikanunua nguzo 20. Tukachimba, tukasimamisha, na nguzo zikaisha tukiwa mita ya 57. Mwisho wa mstari pakabaki shimo tupu, waya umelala chini hauna pa kukaziwa. Nikarudi mwanzo, nikatembea nikihesabu kwa mkono, ndipo nikaona: zile 20 hazikuwa nguzo, zilikuwa nafasi kati ya nguzo na nguzo. Nguzo ya kwanza haina hatua. Ndipo ulipoanzia.

Basi mwambie asihesabu namba, ahesabu hatua. Kutoka 7 kwenda 11 ni hatua moja, na tayari uko kwenye namba ya pili. Ukifika 15 umepiga mbili, uko ya tatu. Kwenye ya 50 umepiga 49, kila hatua 4, jumla 196. Ongeza 7 uliyoanzia, unapata 203. Mwache aweke kidole kwenye pengo, si kwenye namba. Hapo ndipo panapoeleweka.

Akishaelewa, mwonyeshe na hili. Mimi nalipenda kuliko kanuni yenyewe. Ukifungua mabano, 7 + 4(n − 1) inakuwa 4n + 3. Hiyo 3 imetoka wapi, mbona kwenye mfuatano haimo? Rudi hatua moja nyuma ya 7 utaikuta. Ni kama nguzo ambayo ningeichimbia nje ya mpaka, kabla ya ile ya kwanza. Ukianzia huko nje, idadi ya hatua inalingana na nafasi ya namba unayoitafuta, huna haja ya kutoa moja.

Na akitaka kujua kama 150 imo, asiandike mfuatano mzima. Atoe 3, zinabaki 147, nazo hazigawanyiki kwa 4 bila baki, haimo. Ila 151 imo, ni ya 37.

Mama yako anakusalimu sana. Tumeanza kupogoa. Nguzo ya 21, ile niliyoifuata kesho yake, bado imesimama, nene kuliko zote, ukija utaitambua.

Baba yako