Majira ya joto yasiyo na joto: raha zilizonibakiza shambani

Njegere za kwanza za mwaka hazifiki nyumbani. Nazila nimesimama pale pale kwenye tuta, gambuti zimelowa. Nabonyeza ganda kwa kidole gumba mpaka lipasuke, napitisha ukucha ndani, na punje saba au nane zinadondoka kiganjani. Zina ubaridi wa umande na zina utamu wa sukari hasa. Kuzila hapo hapo kuna sababu yake: njegere ikishachumwa, sukari yake huanza kugeuka wanga, na ukizipeleka nyumbani ukazipika kesho jioni unakula kitu kingine kabisa. Mwenye fedha zake dukani haipati ladha hiyo. Anaipata mwenye shina.

Nilizila hivyo mwaka 2024, mwaka ambao majira ya joto hapa Uingereza yalikuwa ya baridi kuliko yote tangu 2015. Juni iliingia tukiwa bado na makoti. Asubuhi nyingi nilipofungua pazia niliona rangi moja tu, ya majivu, kuanzia kwenye paa la jirani mpaka mwisho wa macho. Katika eneo letu vipande kadhaa vya shamba viliachwa kabla ya Julai kwisha, magugu yakavimeza. Mimi mwenyewe ilibaki kidogo niache. Naandika haya kwa sababu kila mwaka naona watu wapya wanakabidhiwa kipande kwa furaha kubwa, kisha wingu likikaa wiki tatu hawaonekani tena, na roho inaniuma.

Kwa asiyejua, nazungumzia vile vipande vya ardhi ambavyo halmashauri za huku hukodisha kwa wakazi ili walime mboga zao. Ni utaratibu wa zamani. Sheria ya mwaka 1908 ndiyo iliyokusanya na kukaza wajibu wa halmashauri kutafuta ardhi hiyo pale wananchi wanapoihitaji. Kipande kizima cha kawaida ni kama mita za mraba 250. Mimi nina nusu yake, nalipa kodi mara moja kwa mwaka, na nilikaa kwenye orodha ya kusubiri miaka mitatu. Mtu aliyesubiri miaka mitatu asikubali kufukuzwa na mawingu.

Siku moja ya Juni nilimpigia simu mama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti ya unyonge?"

"Huku jua limegoma. Nyanya zangu zimedumaa, hazikui."

"Mvua je?"

"Inanyesha karibu kila siku."

"Basi unalia nini? Sisi huku mawingu tunayaangalia yakipita tu. Panda kinachotaka maji."

Nilikata simu nikatoka nikaliangalia shamba upya. Alikuwa amesema jambo ambalo mkulima yeyote anatakiwa alijue, ila huku nimezoea kusikia watu wakilalamikia mvua mpaka na mimi nikaambukizwa. Jioni ile nilichukua daftari nikagawanya mazao yangu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yanayotaka joto: nyanya, matango, pilipili, mahindi. Haya niliyatunza kwa wastani, nikaacha kuyatazama kila siku kama mgonjwa. Fungu la pili ni yale yanayopenda ubaridi, na hapo ndipo nilipohamishia macho na moyo wangu. Ukiwa na msimu mbovu, anza na hilo. Ni kazi ya robo saa na inabadilisha kila kitu kinachofuata.

Maana fungu la pili lilikuwa refu kuliko nilivyodhani. Saladi, kwa mfano. Mwaka wa jua kali inakimbilia kutoa maua, majani yanakuwa machungu, na mbegu mpya hazioti vizuri kwa sababu udongo ukishapita nyuzi 25 hivi mbegu za saladi nyingi hugoma kuamka. Mwaka ule nilipanda mstari mfupi kila baada ya wiki mbili, kuanzia Aprili, na kila mstari uliota. Tulikula saladi ya kukata kwa kisu, laini, mpaka Agosti. Figili zilijaa bila kuwa na nyuzinyuzi. Spinachi haikuchanua. Yale maharage yanayopanda fito, yenye maua mekundu, yalishika maganda vizuri sana, na wazoefu wa hapa wanajua kwamba kwenye joto kali na ukavu maua yake hupukutika bila kuzaa.

Halafu kuna vitunguu. Nilidhani vinasubiri joto kama nyanya, nikawa nimekwisha kuvikatia tamaa. Sivyo. Kinachokiambia kitunguu cha huku kianze kunenepa ni urefu wa mchana, ukipita kama saa 14 na zaidi, na mchana haufupishwi na wingu. Wiki ya mwisho ya Juni niliinama nikafukua udongo kidogo kwa kidole, nikaona shingo imeanza kuvimba, duara dogo la kahawia linang'aa chini ya majani. Kilikuwa kimefuata kalenda yake, hakikuniuliza hali ya hewa.

Urefu huo wa mchana ni raha yenyewe, na ni ya bure. Mwezi wa sita huku saa tatu na nusu usiku kungali na mwanga wa kuonea kazi. Kwa mtu aliyekulia karibu na ikweta, ambako saa moja jioni giza limeshatanda mwaka mzima, jambo hilo bado linanishangaza baada ya miaka yote hii. Basi nilijiwekea utaratibu: kila siku baada ya chakula cha jioni, dakika ishirini shambani, hata kama ni manyunyu. Sikuweka sharti la kufanya kazi. Sharti lilikuwa kufika. Ukishafika utaona gugu moja la kung'oa, utaona tawi la kufunga, na mara nyingi dakika ishirini zinakuwa saa nzima. Wanaosubiri Jumamosi yenye jua wanakuta magugu yamefika kiunoni, na hapo ndipo wanapokata tamaa.

Koa siwezi kuwaacha bila kuwataja. Baridi ya mwaka uliotangulia haikuwa kali, majira ya kuchipua yalikuwa na mvua nyingi, na hawa konokono wasio na gamba walizaana ajabu. Usiku mmoja walinimalizia miche kumi na miwili ya maboga, asubuhi nikakuta vijiti vya kijani na ule utelezi wao uliokauka. Dawa iliyonifaa kuliko zote ni miguu yangu mwenyewe: kutoka na tochi na ndoo wakati giza linaingia, kuwaokota kwa mkono, siku nne au tano mfululizo. Miche mipya nikaikuza nyumbani kwenye vikopo mpaka ikawa na majani manne ya kutosha, kwa sababu koa anapenda mche mchanga zaidi. Na pembeni nikafukia beseni la zamani, nikalijaza maji ya mvua na kuweka mawe ya kupandia. Chura alihamia ndani ya mwezi mmoja. Katika zile safari za tochi nilimkuta mara kadhaa ametulia chini ya majani ya kabichi, koo lake likipanda na kushuka, na nikajikuta namnong'oneza asante. Usiku shambani una harufu yake, ya udongo uliolowa na majani ya nyanya, na sikuwahi kuijua kabla koa hawajanilazimisha kutoka.

Asubuhi za baridi kali nilikuwa naenda kwanza kwenye lundo la mboji. Lundo likiwa kubwa vya kutosha, kama mita moja kila upande, na ukichanganya majani mabichi na vitu vikavu kama makaratasi na vijiti, vijidudu vilivyomo ndani hufanya kazi mpaka joto lifike nyuzi 60. Nilikuwa nafunua gunia la juu, mvuke unapanda usoni, naingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Jua lilikuwa limegoma juu, ila mle ndani kulikuwa na moto. Kama hujawahi kuwa na lundo, anza leo hata kabla ya kununua mbegu. Linapokea kila kilichoharibika shambani na linakurudishia udongo mweusi unaonukia msitu.

Kuna ndege mdogo pia, robini, mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Humfuata anayechimba kwa sababu jembe linamfunulia minyoo. Wa kwangu alifika hatua mbili kutoka kwenye buti. Nikiacha jembe uma limesimama ardhini niende kuchota maji, nikirudi nakuta ametua juu ya mpini, kichwa kimeinama upande, jicho moja jeusi linanikagua. Nilijifunza kuchimba polepole kwa ajili yake.

Mvua ikizidi, tunaingia bandani. Mzee wa kipande cha jirani ana miaka zaidi ya arobaini katika eneo lile, na banda lake lina paa la bati. Mimi nakuja na chupa ya chai ya tangawizi, yeye ana vikombe viwili vya enameli vilivyobanduka rangi. Sauti ya mvua kwenye bati inanirudisha utotoni moja kwa moja, ile mvua ya kufanya watu waache kuongea mpaka ipite. Hapo ndipo nimejifunza mengi kuliko kwenye vitabu vyote nilivyonunua. Ni yeye aliyenionya kuhusu ukungu wa viazi: siku mbili mfululizo zenye joto lisiloshuka chini ya nyuzi 10, na kila siku saa sita au zaidi za unyevu wa asilimia 90 kwenda juu, ujue hatari imeingia. Ni ugonjwa ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu kwa mamia ya maelfu wakafa njaa, na kila majira mabichi bado unazunguka.

Kwangu ulifika mwishoni mwa Julai. Niliona madoa ya kahawia kwenye majani, na chini ya jani utando mweupe kama vumbi la unga. Ukiona hivyo usingoje. Nilikata mashina yote ya viazi usawa wa ardhi siku ile ile, nikayatoa, nikaacha viazi vikae udongoni wiki mbili ili ngozi ikomae na vimelea vya juu vife kabla ya kuchimba. Vilipona karibu vyote. Nyanya za nje hazikupona, na iliniuma, maana nilizilea tangu Machi kwenye dirisha la jikoni. Zile za kijani zisizo na doa nilizichuma zote. Kubwa niliziweka kwenye droo pamoja na ndizi mbivu, kwa sababu ndizi hutoa gesi inayoivisha, na nyanya haihitaji jua ili ibadilike rangi ikishakomaa. Zilizobaki zikawa achari, chupa tisa, kwa siki, sukari na mbegu za haradali.

Lakini viazi vya mapema, vile nilivyochimba mwanzoni mwa Julai kabla ya ugonjwa, ndivyo ninavyovikumbuka. Usichimbe shina kwa haraka. Ingiza uma mbali na shina, inua taratibu, kisha piga magoti umalizie kwa mikono. Shina la kwanza lilinipa kumi na moja. Ngozi ilikuwa nyembamba, nikasugua kwa kidole gumba ikatoka kama karatasi iliyolowa. Jioni ile tulivila na siagi na chumvi tu, na mwanangu aliuliza kama vingine vimebaki.

Sheria inasema kipande ni hasa kwa ajili ya kula wewe na familia yako, kwa hiyo ziada haiwi biashara, inagawiwa. Mwaka ule ziada ilikuwa saladi. Nilimpa mzee, nikampa mama wa ghorofa ya chini, nikaacha mfuko kwenye lango la eneo letu kwa yeyote anayepita. Nilirudishiwa miche ya kabichi, chupa ya jamu, na mkungu mzima wa vitunguu saumu uliosukwa. Ukiwa na huzuni ya msimu, gawa kitu. Watu wanaokuja kuchukua wanakaa kidogo wakaongea.

Joto lilikuja siku moja, tarehe 12 Agosti. Cambridge ilipimwa nyuzi 34.8, na sisi tulikuwa tunabeba ndoo za maji kama watu waliochanganyikiwa. Ndani ya wiki ile saladi zangu za zamani zilirefuka kuelekea maua. Ningezing'oa zote, ila nikaacha moja, ile iliyokuwa nzuri kuliko wenzake. Ilifika kifuani, ikatoa maua madogo ya manjano, kisha vishungi vyeupe. Mvua za Septemba zilipoanza niliing'oa na mizizi yake, nikaining'iniza kichwa chini bandani, nikafunga mfuko wa karatasi chini yake. Kila nikipita niliutikisa kidogo na kusikia mbegu zikichakacha ndani. Sasa ziko kwenye bahasha juu ya friji, nimeandika kwa kalamu ya risasi: saladi, 2024.