Mwanangu, watoto wakitoka shule wakae wapi

Asalam aleikum mama,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa sokoni Ngamiani sikuambulia kitu. Nimeelewa hivi, dada wa kazi alienda kwao sikukuu hajarudi na simu hapokei, mdogo wa la pili anatoka shule mchana, mkubwa wa la nne anatoka saa tisa, na we unatoka Posta saa kumi na moja ukapange foleni ya mwendokasi, ukifika Kimara saa moja ndo umewahi. Unauliza uwapeleke tuisheni kwa yule mwalimu mpaka jioni, au mkubwa umtafutie bweni, au uniletee wote wawili huku Tanga. Nakuandikia kwa sababu voisi yangu ingekuwa ya nusu saa na bando lako nalijua.

La kuniletea, hapana. Usinune. Juni shule zikifunga walete hata mwezi mzima, lakini kuhamia hapana, magoti yangu haya hayamkimbizi mtoto wa la nne mpaka Raskazone, na mi sitaki wajukuu wangu wamjue mama yao kwa vidiokoli.

Bweni nalo lisahau, mkubwa wako yupo la nne na serikali ilishasitisha bweni kuanzia awali mpaka la nne tangu Machi 2023. Kama kuna mtu anakwambia ana nyumba yake analaza watoto kimyakimya karibu na shule basi huyo ndo umkimbie kabisa, maana anayeficha watoto wasijulikane wapo hapo atakuficha na we mambo mengine.

Sasa tuisheni. Najua linalokusukuma, mwaka huu kuna upimaji wa la nne na kila mzazi hapo mtaani kapeleka wake, unaona wako atabaki nyuma. Sikwambia hili nilipokuja Agosti kwa kuwa ulikuwa na mawazo yako ya kazini, ila siku ile uliponituma nikamchukue mkubwa kwa yule mwalimu nilifika mapema, saa tisa na nusu hivi, nikakaa mlangoni nikaangalia. Sebule moja, watoto ishirini na kitu, mabenchi matatu, wengine chini. Mwalimu yuko uani anapika. Kuna katoto ka la pili kananakili hesabu za kugawanya za la nne, nikakauliza unaandika nini baba, kakanijibu sijui bibi, naandika tu. Afu mlango wa chumbani ukafunguka akatoka kijana mkubwa na taulo kiunoni, akapita katikati ya watoto kwenda bafuni, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeinua kichwa, yaani washamzoea. Nikauliza huyu nani. Shemeji yake mwalimu, anatafuta kazi.

Inawezekana kijana ni mtu mwema tu, simsingizii. Lakini we ulipokuwa unaulizia pale uliuliza ada, ukauliza matokeo ya mwaka jana, ulimuuliza mwalimu nani mwingine analala humu? Hukuuliza, na mi nisingeuliza enzi zangu. Nilijifunza nilipokuwa kwenye kamati ya mtaa ya ulinzi wa watoto, tulisomewa ule utafiti wa Tanzania uliofanyika 2009 matokeo yakatoka 2011, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18. Chumba kizima tulinyamaza. Kuna mzee mmoja akasema labda ni huko mijini, mama mmoja akamjibu we baba nyamaza tu.

Na unajua kinachosumbua, day care zipo, zinatakiwa kusajiliwa ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya 2009 inazitambua, lakini nenda kaangalie, ni za wale wa pampasi na wa chekechea. Mtoto wa la pili, la nne, hana pa kwenda, anahesabiwa mkubwa wakati hata ugali hajui kusonga. Ndo maana tuisheni zimejaa, nusu ya wazazi wanalipia mtu wa kukaa na mtoto wanaita masomo.

Unakumbuka barabara ya 14? Ulikuwa la tatu, funguo nilikufungia kwenye kamba ya kiatu unavaa shingoni ndani ya shati. Mi kiwandani shifti ya mchana natoka saa mbili usiku, ukitoka shule unakaa kwa yule mama wa vitumbua mpaka nirudi. Miaka miwili ilienda vizuri tu, alikuwa anakupa uji, unamsaidia kuhesabu chenji, hesabu zako za kutoa ulizijulia kwenye lile beseni. Afu siku moja akapata msiba Pangani akaondoka asubuhi, hakuwa na njia ya kunipa habari, simu hatukuwa nazo. Na siku hiyohiyo funguo ukaisahau shule. Mvua ile ya masika. Nimerudi nakukuta barazani kwa mangi, sare imeloa, umekaa juu ya kreti la soda, nikaanza kulia mi mwenyewe barabarani. We ukaniambia mama homuweki nishamaliza, nimetumia taa ya dukani. Hukulia hata kidogo na hilo ndo lililoniumiza, mtoto wa miaka tisa kashaona ni kawaida.

Yule mama sikumlaumu wala sikumwacha. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa na mtu mmoja tu, akipatwa na jambo sina wa pili. Kesho yake nikaenda kwa ustadhi, ndo ukaanza chuo, ile madrasa ya saa kumi mpaka magharibi, we ukafikiri mama kashika dini ghafla! Dini ndiyo, lakini pia nilitaka pawe na mtu mwingine ambaye usipofika anajua hujafika na anatuma mtu kuuliza.

Kwa hiyo jibu langu lipo kwenye voisi yako mwenyewe, kule mwishoni ulisema haraka haraka "kuna yule mama mshona nguo nyumba ya pili ila hajasoma". Namjua, nilikaa naye kibarazani kwake siku mbili. Cherehani yake inaangalia geti, hapiti mtu hajamwona. Mabinti zake wawili wameshaolewa, mume ni mlinzi wa usiku, mchana analala kwao, si hapo, watoto wa mtaa wanamuogopa kidogo na wanampenda. Unataka asome ili iweje, homuweki si utaangalia we usiku? Mwache mdogo afikie pale akitoka shule, ale, alale, mkubwa amkute hapo. Saa kumi waende chuo wote wawili, na ustadhi wa huko nenda kamwone kwanza na ukae umsikilize anavyosomesha, fimbo yake iko wapi, wako wangapi, wanakaa uwazini au ndani. Tuisheni siku mbili za wiki zinamtosha mkubwa, na mwalimu aje afundishie hapo barazani kwa mama, ukiongezea watoto wawili watatu wa majirani mtachangia. Akikataa kuja basi.

Lakini mlipe. Usimfanyie yale ya "jirani nisaidie nisaidie" afu unampelekea kilo ya sukari mwisho wa mwezi. Kaeni muelewane hela ya mwezi, hela ya chakula mbali, na siku akiumwa au akipata msiba anampigia nani. Anayelipwa unaweza kumuuliza kitu, anayekusaidia unaona haya kumuuliza, na kwenye watoto haya itakuponza.

Wiki ya kwanza omba ruhusa siku moja utokee saa tisa bila taarifa, jifanye umesahau kitambulisho. Mama wa watu asipokasirika umepata mtu. Na watoto usiwaulize "mlifurahi?", watasema ndiyo mama kama kasuku. Uliza mlikula nini, mlikaa na nani, nani alikuja, nani aliondoka. Uliza ukiwa unaosha vyombo, usimkazie macho. Mdogo namba yako ya simu aijue kwa kichwa ndani ya wiki hii, na ile 116 ya watoto pia, ni bure, mfundishe kama wimbo.

Bodaboda wa kumtoa shule awe mmoja, yuleyule, na asimpakie na abiria mwingine. Nikisikia mishikaki nakuja mwenyewe na basi la usiku.

Basi, nimechoka vidole. Kabla hujaongea na mama mshonaji nijibu kwanza kitu kimoja, sikumbuki vizuri, choo chake kiko ndani au ni kile cha uani wanachotumia na wapangaji wote?